Lori la Marekani na lori la Tunduma: nani analipia saa za kusubiri?

Vijana wengi nyumbani Tanzania wanauliza swali moja: ni kweli dereva wa lori Marekani anaingiza karibu dola elfu tano kwa mwezi? Ni kweli. Takwimu za serikali za Mei 2024 zinaonyesha mshahara wa kati wa dereva wa lori zito ni dola 57,440 kwa mwaka, kabla ya kodi. Ukiigeuza hela hiyo kuwa shilingi, kichwa kinazunguka. Lakini kabla ya kuuza kiwanja ili ulipie safari, elewa hela hiyo inapatikana vipi, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapoumia.

Madereva wengi wa safari ndefu huku Marekani wanalipwa kwa maili, hawalipwi kwa saa. Gurudumu likisimama, hela inasimama. Na sheria ina saa yake: ukishaanza kazi una dirisha la saa 14, ndani yake unaruhusiwa kuendesha saa 11 tu, kisha upumzike saa 10 mfululizo. Kifaa kilichofungwa kwenye injini kinarekodi kila kitu, hakidanganyiki kirahisi.

Chukua siku ya kawaida. Dereva anaanza saa 12 asubuhi, anafika ghala saa 2. Anaambiwa asubiri mlango. Mzigo unamalizika kushushwa saa 8 mchana. Dirisha lake linafungwa saa 2 usiku, kwa hiyo zimebaki saa 6 za kuendesha. Jumla ya siku ni saa 8 badala ya 11. Saa 3 zilizopotea, kwa mwendo wa maili 60, ni maili 180. Kwa senti 60 kila maili, ni dola 108 zimeyeyuka bila yeye kufanya kosa lolote. Kwa desturi saa 2 za kwanza za kusubiri ni bure kwa mwenye ghala. Zinazofuata kampuni humdai mteja, na dereva anapata kitu kama mkataba wake unasema hivyo. Na hata saa za ziada hawa hawalipwi kama mfanyakazi wa kiwandani, kwa sababu sheria ya kazi ya 1938 iliwaacha nje.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha Teamsters kilisaini mkataba mmoja wa nchi nzima kwa malaki ya madereva, na kazi hiyo ikawa njia ya uhakika ya kupata nyumba, bima ya afya na pensheni. Mwaka 1980 serikali ikalegeza masharti ya biashara ya usafirishaji, kampuni mpya zikamiminika, bei ya kubeba mzigo ikashuka, na mshahara ukafuata. Bidhaa dukani zilipata nafuu, sawa, lakini aliyeilipia nafuu hiyo ni dereva. Yellow, mojawapo ya kampuni kubwa zilizobaki na mkataba wa chama, ilifilisika Agosti 2023 na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi.

Sasa tuje kwenye mtego wenyewe, lori la kukodi kwa kununua. Anayeijua bodaboda ya mkataba atalielewa haraka: unapeleka hesabu kila wiki, na mwisho wa miaka kadhaa chombo ni chako. Tofauti ni kwamba hapa kampuni yenye lori ndiyo pia inayokupa mizigo. Ikikunyima mizigo, marejesho hayasimami. Mafuta ni yako, tairi ni zako, fundi ni wako. Na malori ya kisasa yana ugonjwa wake: chujio la masizi kwenye bomba la moshi linaziba kama lori linanguruma limesimama usiku kucha, au kihisi cha gesi ya moshi kinakufa, basi kompyuta inaishusha nguvu injini hadi lori linatambaa maili 5 kwa saa. Linavutwa, linakaa gereji wiki nzima, na marejesho yanaendelea kuhesabiwa. Januari 2025 kamati iliyoundwa na serikali yenyewe kuchunguza mikataba hii ilipendekeza ipigwe marufuku. Mimi nasema usisaini kabisa. Fanya kazi ya kuajiriwa kwanza miaka miwili, weka akiba, ndipo ufikirie lori lako. Taasisi ya utafiti ya ATRI ilikadiria gharama ya kuendesha lori mwaka 2023 kuwa dola 2.27 kwa kila maili, mshahara wa dereva ukiwemo. Dalali wa mizigo akikupa dola 2 kwa maili, unamfanyia kazi ukiwa na hasara.

Nyumbani je? Barabara ya Dar, Morogoro, Kitonga, Makambako, Tunduma hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ina magumu yake: lori na mzigo wake hufika tani 56 badala ya 36 za huku, mizani kila kituo, mteremko wa Kitonga unaotaka gia nzito kabla hujaanza kushuka, siyo katikati. Lakini kinachomla dereva ni kilekile. Posho hutolewa kwa safari. Foleni ya mpakani ikishika wiki, posho iliyopigiwa hesabu ya siku chache inaliwa palepale kwenye foleni, na dereva anarudi nyumbani mikono mitupu ingawa tajiri, yaani mwenye lori, amelipwa mzigo wake wote. Zamani wengi walijazia pengo kwa kubeba mzigo wa pembeni au kuuza mafuta ya lori. Matajiri wakafunga vifaa vya kufuatilia gari na vipimo vya tangi, na wana haki ya kulinda mali yao. Ila mshahara wa msingi ulipaswa kupanda wakati huohuo, na wengi hawakuupandisha. Ndiyo maana dereva wa transit, wa mizigo ya kwenda nchi jirani, aliyekuwa akijenga na kusomesha sasa anakopa ada.

Anayetaka bado kuja huku Marekani, ajue kwamba uzoefu wa Kitonga haumpi leseni. Unapata kibali cha kujifunzia, unasubiri angalau siku 14, unapita shule iliyosajiliwa, kisha mtihani wa sehemu tatu. Wazoefu hukwama sehemu ya kwanza, kukagua gari kwa mdomo, kwa Kiingereza: injini imezimwa, breki imekanyagwa, upepo wa breki usishuke zaidi ya psi 4 (kipimo cha shinikizo) kwa dakika kwa gari lenye tela. Ukifanyia mtihani gari la otomatiki, leseni inakuzuia kuendesha la gia za mkono. Tangu 25 Juni 2025 asiyejua Kiingereza cha kutosha kujibu askari na kusoma alama anasimamishwa papo hapo. Na wenye vibali vya muda vya kuishi wamekuwa wakibanwa zaidi tangu Septemba mwaka huo, hivyo hakiki hadhi yako ya uhamiaji kabla ya kulipa ada ya shule.

Kwa walioko nyumbani, dai langu ni dogo na linatekelezeka: mkataba wa kila safari uandike siku za mpakani zilizokadiriwa, na kila siku ya ziada iwe na posho yake, ilipwe kwa simu dereva akiwa bado kwenye foleni. Tajiri naye amdai mwenye mzigo.