Posa Imevunjwa kwa Duara la Shilingi Ishirini

Wamevunja posa ya binti wa shoga yangu. Kosa lake? Msusi alipokuwa akimsuka kwa harusi ya binamu yake, alipasua nywele nyuma ya sikio akakuta duara tupu, laini, halina magamba wala kidonda, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Adhuhuri haijaadhiniwa, Langoni nzima, hapa Lamu, ishajua. Alasiri Mkomani nako wana tafsiri yao: "Ni homoni hizo. Atakuwa alichoma sindano ya kuzuia mimba."

Mwajua mnamwambia nini mwanamwali mnapomwambia hivyo? Zamani tulisema jicho, tukasoma kombe, yakaisha. Siku hizi tumesoma, tunatukana kwa sayansi.

Basi tusome hadi mwisho. Nywele zinazopukutika kichwa kizima miezi michache baada ya kujifungua, hizo ndizo za homoni: ya kike imeshuka ghafla, na kwa kawaida nywele hurudi. Duara laini kama lile ni alopesia areata, kinga ya mwili imeigeukia mizizi ya nywele. Homoni za msongo huenda zikachochea, na hapo madaktari wenyewe wanavutana. Sindano ya uzazi wa mpango haimo.

Lakini lililoniuma zaidi ni la mama wa bwana harusi: "Ni la ukoo hilo. Wajukuu zangu watarithi."

Haya, urithi upo, nakubali. Mwaka 2010 timu ya Angela Christiano wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambaye mwenyewe ameugua maradhi haya, ilipekua jeni za wagonjwa zaidi ya 1,000. Walikuta sehemu kadhaa zinazohusika, zikiwemo za jeni ziitwazo ULBP, ambazo hupeleka ishara ya kuwaita askari wa kinga kwenye mzizi. Nyingine ni zilezile za kisukari cha aina ya kwanza na za baridi yabisi. Kwa hiyo mama mkwe mtarajiwa, kabla hujanusa damu ya wenzio, hebu uliza kwenu nani anajichoma insulini tangu utotoni, na shangazi yule wa vidole vilivyopinda ana nini.

Na kurithi huko si hukumu. Pacha wa kufanana wana jeni zilezile, lakini mmoja akipata, mwenzake hupata katika takriban nusu ya jozi tu. Mtoto wa mgonjwa? Karibu 6 kati ya 100. Wengine 94 wanakwenda zao madrasa na nywele zao. Katika watu kwa jumla, karibu 2 kati ya 100 hupatwa wakati fulani maishani, kwa hiyo hata hapa kisiwani, chini ya mabuibui na kofia, maduara hayo yapo mengi kuliko tunavyoambiana.

Sasa nisemeni la baba wa bwana harusi? Kichwa chake chang'aa toka utosini mpaka kisogoni. Kipara kile ndicho cha homoni, za kiume, na ndicho hasa kinachorithiwa. Hakuna aliyekwenda kumwambia shoga yangu, "Tahadhari, wajukuu watapata."

Wanaoshauri kupaka kitunguu maji nao wasinikasirikie. Kuna jaribio dogo la Iraki la 2002 lililoona nywele zikirudi kwa kukipaka. Sawa. Ila maduara madogo mara nyingi hujaza yenyewe, maana mzizi haufi, na nywele za kwanza huenda zikatoka nyeupe. Sindano za steroidi, dawa ya kutuliza kinga, pale penye duara husaidia. Kwa wenye hali kali, Marekani iliidhinisha dawa iitwayo barisitinibu mwaka 2022, lakini bei yake usiulize. Sisi hata daktari wa ngozi twavuka Mokowe na kupanda basi kumfuata. Binti akipimwa tezi ya shingoni itakuwa vyema, kwani maradhi ya tezi hiyo hupenda kuandamana na haya.

Nasikia bwana harusi mwenyewe ameanza kutuma watu, ataka posa irejee. Ikirejea, shoga yangu, mahari ipande, na baba mkwe aje bila kofia.