Eti haki za wanawake ni mambo ya wazungu? Mi naishi nao, ngoja niwaambie

Kila nikigusia habari za haki za wanawake kwenye magrupu ya nyumbani lazima atokee kaka mmoja aseme "dada umeenda Uswisi umeharibika, hayo mambo ya kizungu waachie wenyewe." Haya kaka, nimekusikia. Shida ni kwamba hao wazungu unaowasema, hawa ninaopanda nao treni kila asubuhi, hayo mambo wameyajua juzi tu.

Uswisi mwanamke kapata kura ya kitaifa tarehe 7 Februari 1971. Sijakosea kuandika, ni 1971. Mwaka 1959 wanaume waliulizwa kwa kura ya maoni kama wake zao na mama zao nao wapige kura, theluthi mbili hivi wakasema hapana. Huku katiba haibadilishwi na bunge peke yake, lazima wapiga kura wakubali, na wapiga kura ndo walikuwa wanaume watupu, sasa hapo unategemea nini? Na kuna kantoni (yaani jimbo) moja ya milimani, Appenzell Innerrhoden, hao ndo kiboko. Pale watu wanakusanyika uwanjani wananyoosha mikono, mwanaume anaruhusiwa kuja na upanga wa ukoo kiunoni kama kitambulisho chake cha kupigia kura, na Aprili 1990 walinyoosha tena mikono kuwanyima wanawake kura za kantoni. Mandela keshatoka jela, wao bado wanabishana kama mwanamke ana akili ya kuchagua diwani. Ilibidi Mahakama ya Shirikisho iwalazimishe mwezi wa 11 mwaka huohuo.

Kwenye ndoa ndo usiseme. Mpaka mwisho wa 1987 sheria yao ilikuwa inasema mume ndiye kichwa cha familia na ndiye anayeamua mtaishi wapi, na mke akitaka kwenda kazini awe na ridhaa yake. Mabibi wa hapa waliopitia hayo bado wapo, unakutana nao wanamwagilia maua, ukiwauliza wanakusimulia huku wanacheka kidogo kwa hasira.

Rudi kwetu Tanzania sasa. Miaka ya 1950 Bibi Titi Mohamed alikuwa anazunguka nchi nzima kuingiza wanawake TANU, chama kilichopigania uhuru, na wanawake waliingia kwelikweli, hakuna mtu aliyewaambia wasubiri wazungu wa Uswisi waanze. Uchaguzi wa rais wa 1962 mwanamke mtu mzima alipiga kura sawa na mwanaume. Halafu 1971, mwaka uleule ambao Waswisi ndo wanaamka, Bunge letu likapitisha Sheria ya Ndoa: kifungu cha 56 kinasema mke ana haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, na cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake viboko. Kwenye karatasi tulikuwa mbele, tena mbali. (Sheria hiyohiyo iliruhusu binti aolewe na miaka 15 wazazi wakiridhia wakati kijana wa kiume lazima awe na 18, mpaka mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda Mahakama Kuu akashinda 2016, serikali ikakata rufaa, 2019 ikashindwa tena. Kwa hiyo siisifii yote.)

Sasa maisha yenyewe. Nyumbani watu wanadhani mama wa Ulaya ndo kaachiwa, anafanya kazi anayotaka, mume anapika. Njoo uone. Huku ukimuuliza mama kazi yake anakutajia na asilimia, "nafanya 50", "nafanya 60", maana zaidi ya nusu ya wanawake wenye ajira hawafanyi kazi muda wote, na sio wote kwa kupenda. Shule nyingi kwa desturi zinamrudisha mtoto nyumbani mchana ale halafu arudi tena darasani, sasa nani yuko nyumbani saa sita mchana kumpashia chakula? Ukitaka alelewe kituoni, bili yake inakaribia kodi ya nyumba, mtu anapiga hesabu anaona mshahara wake wote unaishia kwa walezi, anaacha kazi. Mfanyakazi mwenzangu, mwenye digrii zake mbili, kaacha hivyo hivyo. Likizo ya uzazi yenye malipo kwa nchi nzima imeanza 2005, wiki 14. Sheria yetu ya kazi ya 2004 inatoa siku 84, yaani tofauti ni wiki mbili tu, ila wao ni nchi tajiri na sisi tunajijua.

Wanawake wa huku walishagoma kwa haya. Tarehe 14 Juni 1991 waliacha kazi, za ofisini na za jikoni, nchi nzima, na 2019 wakarudia tarehe ileile. Nilichojifunza kwao ni hicho, wanaihesabu kazi ya jikoni kuwa kazi.

Na sisi? Rafiki zangu wa nyumbani wana vyeo, wanasafiri, wanafanya masters jioni, nawaonea fahari. Lakini jamani tusidanganyane, kila mmoja wao ana dada wa kazi. Yule dada ndo anaamka kabla ya wote, anamwandaa mtoto, anafua, analala wa mwisho. Wengine ni watoto kabisa, katolewa kijijini kaambiwa atasomeshwa cherehani, cherehani yenyewe haioni mwaka wa tatu huu, na mshahara anatumiwa baba yake. Uhuru wa mama mwenye nyumba umesimama mgongoni mwa huyo binti. Mswisi hana beki tatu kwa hiyo aliyekwama ni yeye mwenyewe, kwetu tumemkwamisha mwingine ambaye haji kwenye semina za kumwezesha mwanamke. Mume wa huku na mume wa kule wote wako palepale, hawajaguswa. Najua hapa nitatukanwa na dada zangu pia, poa tu.

Kitu pekee ninachowaonea wivu kabisa wanawake wa huku ni mirathi. Mswisi akifiwa na mume wakiwa na watoto, anachukua kwanza fungu lake la mali waliyochuma ndani ya ndoa, halafu kwenye urithi wenyewe sheria inampa nusu kama hakuna wosia. Kwetu Waislamu wana utaratibu wao, mjane mwenye watoto anapata moja ya nane, inajulikana. Lakini yule anayehukumiwa kwa mila kuna tangazo la serikali la 1963 linalosema mjane hana fungu, atatunzwa na watoto wake, na mabinti wanawekwa daraja la tatu, la mwisho. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilishamkubalia Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, mtoto wa ndugu yake akamshtaki eti mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya akasema huo ni ubaguzi. Ila ushindi wa kesi moja sio kufuta tangazo lenyewe.

Na kaka unayesema nimeharibiwa na wazungu, unajua nani alizunguka kuwauliza wazee hizo mila na kuziandika ziwe sheria? Hans Cory, mzungu aliyezaliwa Austria, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni. Za Wahaya alizichapisha 1945, na ndiye aliyeongoza kazi ya kuziunganisha za makabila mengine, ikazaa hilo tangazo la 1963. Kwa hiyo ukiniambia nirudi kwenye mila, niambie kwanza unamaanisha zipi, za bibi yangu au za daftari la Cory.