Kidonda cha kitandani si kazi ya binti peke yake

Katika nyumba nyingi za Mombasa, mzee akipigwa na kiharusi asiweze tena kuinuka, hapelekwi popote. Anatandikiwa chumbani, na binti au mkaza mwana anaachiwa kazi ya kumgeuza, kumwosha na kumlisha. Atakayetaja nyumba ya kulelea wazee ataambiwa anataka kumtupa mama yake. Wanaopinga kumweka nyumbani nao wana lao: mgonjwa hukaa nyumbani hadi kidonda kinafika mfupani, ndipo akimbizwe hospitali.

Wanaotetea nyumbani wana hoja nzito. Kidonda cha kulala hutokana na uzito wa mwili kubana ngozi juu ya mfupa mpaka damu ikose njia, na kinga yake kubwa ni mikono: kumgeuza mgonjwa takriban kila saa mbili, usiku na mchana, kumbadilishia shuka iliyolowa, kumlisha mayai, samaki na maharagwe ili nyama ipate cha kujijengea. Muuguzi mwenye wodi iliyojaa ataipata wapi nafasi hiyo? Binti anaipata, kwa gharama ya usingizi na mgongo wake.

Lakini mapenzi hayafundishi macho. Vijitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu usiofifia ukiubonyeza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Inabidi kupapasa kitokono (mfupa wa mwisho wa mgongo), nyonga na visigino, kutafuta pale penye joto kuliko pembeni, au palipokuwa pagumu au pororo. Wakati wa kaskazi, mgonjwa akilala juu ya godoro lililofunikwa nailoni, jasho linailowesha ngozi kutwa nzima, na asiyefundishwa anakuja kushtuka ngozi imeshafunguka. Hapo huletwa spiriti au haidrojeni peroksaidi, dawa zinazounguza hata nyama changa inayoota. Wengine humkalisha mgonjwa juu ya mpira wa duara wenye tundu katikati, nao unazidi kubana damu kuzunguka kidonda. Wengine hukiacha wazi kikauke, ilhali kidonda kilichosafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali na kufunikwa kikabaki na unyevu kiasi hupona vizuri zaidi.

Nyama iliyokufa ikishakuwa nyeusi, kuikata si kazi ya jamaa. Kwa mwenye kisukari ni hatari zaidi, kwa kuwa mguu wake huenda hausikii maumivu na damu haifiki sawasawa. Homa, usaha wenye harufu au kuchanganyikiwa kwa ghafla ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Je, nyumba ya wazee ndiyo jibu? Mara nyingine ndiyo, hasa pale nyumbani hakuna wa kumgeuza, na hilo si aibu. Ila vitanda na sare havimfanyi mtu kuwa muuguzi. Kabla ya kulipa, uliza nani aliyesajiliwa anafunga vidonda, na usiku yupo nani.

Kwa wengi, mimi naona mgonjwa abaki kwao na muuguzi amfuate. Kumteremsha mtu ngazi nyembamba za Mji wa Kale, au kumvusha feri kutoka Likoni hadi hospitali ya Makadara kila mara ya kufungwa kidonda, ni kumchubua upya. Wahudumu wa afya ya jamii waliosambazwa nchini mwaka 2023 wanaweza kukiona kidonda mapema na kutoa taarifa, ila kidonda kilichozama ndani kinahitaji ujuzi mwingine. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali. Familia za hapa zimekuwa zikilipa sehemu yao kwa miaka. Sehemu ya Serikali ingeweza kuanza na wauguzi wachache wa vidonda kila kaunti ndogo, wenye usafiri na vifaa, wa kuzuru nyumba angalau mara mbili kwa wiki na kumfundisha binti papo hapo kitandani.