Nyota, Hiari na Hoja ya Mapacha

Mababa wa Kanisa waliupinga unajimu kwa sauti karibu moja, ila sababu zao hazikulingana uzito. Iliyovuma zaidi ni hoja ya mapacha: kwamba watu waliozaliwa saa moja huishi maisha tofauti kabisa. Augustino, askofu wa Hippo, aliyewaamini wanajimu ujanani mwake, anasimulia katika Maungamo habari aliyoipata kwa rafiki yake Firminus: saa ile ile alipozaliwa Firminus katika nyumba ya kitajiri, mjakazi wa rafiki ya baba yake naye alijifungua, na wazee hao wawili, wote wapenzi wa falaki, yaani kubashiri maisha kwa nyota za kuzaliwa, walikuwa wameandika nyakati kwa makini mno. Falaki ilikuwa moja. Huyu akakulia katika heshima, yule akabaki mtumwa. Humo humo, na tena katika kitabu chake Mji wa Mungu, aliwataja Esau na Yakobo, mapacha wa Biblia waliotofautiana maisha.

Wanajimu hawakukosa jibu. Walisema mbingu huzunguka kwa kasi kubwa, hivyo muda mfupi tu kati ya pacha na mwenzake watosha kubadili mambo. Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria aliyefariki mwaka 379, alikuwa amekwisha kuiziba njia hiyo: kama nukta ndogo kiasi hicho ndiyo inayoamua, nani awezaye kuikamata, ilhali mkunga bado anatazama kama mtoto ni wa kiume au wa kike?

Hata hivyo, naona hoja hii inabomoa bila kujenga. Kuonyesha kwamba nyota hazimtawali mtu hakutoshi kuonyesha kwamba mtu ni huru, kwa maana huenda anatawaliwa na kitu kingine.

Bardaisan, mwanafalsafa Mkristo wa Edessa (154–222), aliligusa swali lenyewe la hiari, tena kwa kukubali mengi: mali, ugonjwa na urefu wa maisha vyaweza kuwa chini ya nyota, lakini si utashi. Ushahidi wake ulikuwa desturi za mataifa. Wayahudi hutahiri watoto wa kiume siku ya 8 popote walipo, nao Wakristo hushika sheria moja katika nchi mbalimbali, ingawa hawakuzaliwa chini ya nyota moja. Origene, mwanateolojia wa Aleksandria, naye alisema nyota zaweza kuwa ishara bila kuwa sababu, na kwamba Mungu kulijua tendo kabla halijatendeka si kulilazimisha. Kauli hiyo iliwasaidia pia wale waliosumbuliwa na nyota ya Bethlehemu, iliyowaongoza mamajusi kwa Yesu, ingawa Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, alipendelea kusema kwamba elimu ya nyota iliruhusiwa hadi Injili ilipokuja, basi.

Kosa la Bardaisan ni kuiachia falaki eneo kubwa mno, na waliokuja baadaye walimlaumu. Lakini alilinda hiari zaidi kuliko Augustino wa uzeeni, ambaye Wapelagio, wafuasi wa Pelagio waliosisitiza hiari ya mtu, walimshutumu kwamba anarudisha majaliwa kwa jina la neema. Alijibu kwamba majaliwa hudaiwa kutoka kwa nyota, bali neema hutoka kwa Mungu aliye juu ya nyota zote. Jibu hilo latofautisha chanzo. Lakini washutumu wake walikuwa wakiuliza pia kama anayeteuliwa na Mungu kwa neema ana nafasi yoyote ya kukataa.