Hadithi ya Karamoja Haithibitishi Bunduki

Ikitajwa bunduki ya kuwindia ya zamani hapa Uganda, hazipiti dakika mbili kabla Karamoja, kule kaskazini-mashariki mwa nchi, haijatajwa. Huko ndiko W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo mwanzoni mwa karne ya 20, alikopatia lakabu ya "Karamojo Bell". Na kwa kuwa alipenda bunduki nyepesi ya milimita 7, ile ambayo Rigby, watengeneza bunduki wa London, waliiuza kama .275 (upana wa tundu la mtutu kwa inchi), basi kila .275 kuukuu huja na babu aliyembebea Bell mizigo. Hadithi tamu. Mimi naomba kuona skrubu kwanza.

Mafundi wazuri wa Uingereza walikata mfereji mwembamba kwenye kichwa cha skrubu, wakaikaza mpaka mifereji yote ikalala sambamba na mtutu. Ukikuta mmoja umekaa mshazari, au kingo zake zimetafunwa na bisibisi isiyo saizi yake, kuna mtu alishafungua. Kichwa chenye mfereji wa msalaba ndiyo kabisa, hicho ni cha miaka ya baadaye.

Namba nazo huwakwaza wengi. Mtu anaona alama za Kijerumani chini ya jina la London, anapiga kelele kwamba kimebandikwa kifaa cha kigeni. Hapana. Rigby walinunua mitambo, yaani kile chuma cha katikati kinachobeba bolti na kufyatulia risasi, kwa kiwanda cha Mauser, Oberndorf, Ujerumani, wakaijengea bunduki zao. La kuangalia ni kama namba ya bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, inalingana na ya mtambo. Zikitofautiana, bolti ni ya kuazima, na asifyatue mtu risasi kabla fundi mwenye vipimo hajahakikisha inakaa sawasawa kwenye chemba, tundu la risasi nyuma ya mtutu.

Kipuri kilichobadilishwa, hata hivyo, hakinikoseshi usingizi. Mpira wa kitako hukauka ukapasuka, lazima ubadilishwe. Kitako kilichovunjika shingoni kikafungwa ngozi mbichi huko huko porini nakipenda kuliko kipya. Kinachoniudhi ni msasa. Kitako cha asili, mbao yake huwa imeinuka kidogo tu kuliko chuma. Kikishasuguliwa, mbao inazama chini ya chuma, na ile mikato ya msalaba ya kushikia inabaki kama kivuli. Kwenye chuma, mihuri ya majaribio, ile inayoonyesha bunduki ilipimwa nguvu, inafifia na midomo ya matundu ya skrubu inabonyea. Kisha inapakwa weusi unaong'aa kama kiatu cha askari wa gwaride, wakati ile rangi ya kale, ya kukishikisha chuma kutu na kuipangusa tena na tena, ilikuwa tulivu. Wauzaji huita ukarabati!

Hata matundu ya darubini yaliyotobolewa juu ya mtambo ningeyaacha. Yamepunguza thamani, ni kweli, lakini aliyeyatoboa alikuwa na haja ya kuona mbali. Anayeyaziba kwa kuchomelea na kupaka rangi upya ana haja ya kumficha mnunuzi, tena moto huo unaweza kuulegeza ugumu wa mtambo wenyewe.