Ushuru wa gari nililokwisha kuliuza

Desemba niliuza gari langu, nikang'oa namba, nikazirudisha ofisi ya usajili na kupewa risiti. Februari bili ikaingia: dola 150, ushuru wa mwaka mzima kwa gari ambalo si langu tena.

Hapa Massachusetts, Marekani, ushuru huu ni dola 25 kwa kila dola 1,000 za thamani ya gari. Thamani hiyo haiangalii ulilinunua kwa shilingi ngapi wala limebondeka wapi. Wanachukua bei aliyoitangaza mtengenezaji lilipokuwa jipya, wanaishusha kadiri ya umri, hadi asilimia 10 ya bei hiyo kuanzia mwaka wa tano. Kwa hiyo kulia kwamba gari ni bovu hakukupunguzii senti. Kinachokusaidia ni karatasi: hati ya mauzo pamoja na risiti ya namba. Moja peke yake haitoshi.

Nilitaka kuichana ile bili. Nashukuru sikuichana, maana siku 30 zikipita riba ya asilimia 12 kwa mwaka inaanza kuhesabiwa, gharama za ukumbusho zinafuata, na mwishowe unanyimwa kuhuisha leseni. Hata ukiwa umeshapeleka maombi ya kufutiwa, ukusanyaji hausimami. Ndiyo maana nililipa kwanza, kisha nikawaandikia wakadiriaji wa mji, wale wanaoamua maombi ya kufutiwa ushuru, kudai changu.

Hapo ndipo ninapoumia. Namba zilikuwa mikononi mwa serikali tangu Desemba. Kwa nini mimi ndiye nizunguke na risiti kuuthibitishia mji jambo ambalo jimbo linalijua? Mwenye dola 150 za akiba atalipa na kusubiri. Anayepanga kodi ya nyumba kwa mshahara wa wiki afanyeje? Bili kama hiyo haipaswi kutumwa kabla rekodi za usajili hazijalinganishwa, na ikitumwa kimakosa, malipo yasimame mpaka maombi yajibiwe.

Fedha zangu zilirudi. Mama jirani, Mkongo, alipoiona hundi alifungua droo akatoa bili mbili za namna hiyohiyo, za gari aliloliacha kitambo. Alizilipa kimya kimya, akidhani ndiyo sheria. Maombi yanapokelewa hadi miaka 3 tangu tarehe ya mwisho ya kulipa, na bili yake ya kwanza ni ya mwaka juzi. Jumamosi tunakaa naye mezani kujaza fomu.