Panya hawakuogelea hadi Marion

Juzi nilimwonyesha binamu yangu picha ya albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, wa kisiwa cha Marion. Ndege amekaa kiotani, manyoya meupe pe, lakini kisogo chote ni nyama mbichi. Panya wamemtafuna usiku akiwa hai, na hakuinuka. Binamu akaitazama kidogo, akanirudishia simu: "Si ndiyo asili yenyewe hiyo?" Jibu hilo limeninyima usingizi.

Asili gani? Marion iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Cape Town, kusini mashariki, kwenye bahari ya baridi na upepo usiokoma. Panya hawakuogelea kufika kule. Walishuka na mizigo ya wawindaji wa sili, wale wanyama wa baharini, karne ya 19. Mwaka 1949 watu wa kituo cha hali ya hewa wakaleta paka watano wawakamate hao panya. Paka wakageukia ndege, wakazaana hadi kupita 2,000 katika miaka ya 1970, na kuwamaliza kukachukua hadi 1991. Sisi tunaoishi na kunguru walioletwa Zanzibar eti waje kula taka, kisa hiki tunakijua vizuri.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba yule ndege hakimbii. Vizazi na vizazi vyake vimeatamia mahali pasipo na mnyama yeyote wa nchi kavu wa kuwawinda. Hajafunzwa kuogopa kitu kinachotambaa. Baharini anakabili dhoruba kwa mabawa yanayofika mita 3 toka ncha hadi ncha, lakini kiotani panya wa gramu 20 anampanda kichwani, naye anatikisa shingo kidogo, kisha anatulia, anaendelea kulalia yai. Yai lenyewe ni moja tu, na akifanikiwa kulea hatataga tena hadi mwaka wa pili, kwa kuwa kinda hukaa kiotani majira yote ya baridi. Mwanzoni panya walikuwa wakila makinda. Mwaka 2023 wakakutwa wanawala hata wazazi. Kisiwa kimepata joto, panya wanazaana kwa miezi mingi zaidi, wadudu waliokuwa chakula chao wamepungua. Na karibu robo ya albatrosi wote wa aina hii duniani huzalia hapo hapo.

Sasa Afrika Kusini, inayomiliki kisiwa hicho, inapanga kumwaga chambo chenye sumu kwa helikopta juu ya kisiwa kizima, karibu hekta 30,000. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba sumu itaua na ndege wengine wasio na hatia. Nakubali pia kwamba kule Gough, kisiwa kingine cha bahari ya kusini, walifanya hivyo mwaka 2021, na kabla mwaka haujaisha panya akaonekana tena. Inauma. Akibaki jike mmoja mwenye mimba, kazi yote imerudi mwanzo. Lakini kisiwa cha South Georgia, kilicho kikubwa kuliko Marion, kilitangazwa mwaka 2018 kuwa hakina panya tena, na ndege wadogo wa pale wamerudi kuimba kwenye majani ya pwani.

Watu wanaombwa kuchangia randi 1,000 kwa hekta. Mwezi huu nimelipia moja. Binamu, picha bado ninayo. Njoo uitazame tena, na safari hii usinirudishie simu haraka.